Zamu ya Alfajiri, Kutaisi

Rangi ya chungwa ni mkate, sabuni, kitabu, nyama.
Buluu ni chuma. Kijani ni vitu visivyoamua.
Cheusi ni kile ambacho mwale umeshindwa kukipenya,
na hapo ndipo kidole changu husimamisha mkanda.
Miaka sita nimeketi mbele ya kioo hiki
nikiwasoma watu kuanzia chini ya nguo walizokunja.

Najua mengi nisiyoulizwa.
Najua padri mmoja wa Vani husafiri na karata.
Najua bibi harusi huviringisha viatu vyake kwenye taulo
kama mtu anayemlaza mtoto.
Najua chuchkhela, ule uzi wa jozi
uliochovywa katika rojo la zabibu ukaanikwa,
kwenye kioo hufanana na baruti,
na kila wiki kuna mgeni anayetokwa jasho
kwa kosa la peremende za bibi yake.

Utotoni shule ilitupeleka makumbusho, Tbilisi.
Fundi wa kutengeneza picha kuukuu, Bi Tsisana,
mwenye vidole vya manjano,
alituwekea eksirei ya mtakatifu kwenye taa.
Chini ya shavu lake kulikuwa na shavu jingine,
la mwanamke, limegeukia dirisha lisilokuwapo tena.
“Mbao zilikuwa ghali,” alisema.
“Mchoraji hakumfuta. Alimfunika tu.”
Jioni ile nilimtazama mama akimenya viazi,
nikamtafuta mtu wa chini yake.
Akaniuliza kama nina njaa.

Leo, saa kumi na dakika arobaini,
mkoba wake umepanda mkanda wangu.
Bari. Kumtunza ajuza aliyevunjika nyonga.
Miezi mitatu tu, Lamara, hata jamu haitaisha.
Kanuni inataka niondoke kitini ndugu yangu akipita.
Sikuondoka.

Miwani. Kijiko. Nyuzi nne za baruti tamu.
Kikaango cha udongo, kile kizito cha mikate ya mahindi
(nikajiambia: labda huko hawana).
Kwa sababu ya nyuzi, Zviad akaufungua,
na chini kabisa, baada ya blanketi,
akakuta bahasha ya kahawia, pana kama mto.
Sikuwa nimeiona. Kwenye kioo ilikuwa ukungu tu,
chungwa hafifu, kama pumzi juu ya chai.
Zviad, kijana asiyejua kitu,
akatoa kilichomo, akakiinua kwenye taa.

Baba.
Mbavu zake, huku na huku,
na makaa ya Tkibuli katikati, yamegeuka theluji,
yanaanguka bado,
mwaka wa kumi na moja sasa.
Konani, kwa kalamu nyeupe, mwandiko wa nesi: Otari.

Mashine ya kuonea mifupa
haikuiona mifupa.

Moyo wa mtu ni msitu, husemwa.
Sikujua kwamba mtu anaweza kuukunja,
akaulaza chini ya blanketi
na kuupitisha mbele ya mwanawe.
Nikahesabu miezi, nikahesabu tena.
Mtu hamchukui marehemu wake kwa miezi mitatu.
Humchukua anapohama.

Mama alikuwa upande ule wa lango, bila viatu,
soksi ya sufu ina tobo penye kidole gumba,
mikono juu kama alivyoamriwa,
ananitazama.
Hakuna taa iliyowaka. Hakuna kengele iliyolia.
Mwilini mwake hamkuwa na chuma cha kumsema.

“Hii nini?” Zviad akauliza.
Nikamjibu: “Karatasi za hospitali. Mfungie.”
Nikabonyeza kitufe, mkanda ukaenda,
ukaja mkoba wa mtu mwingine: chaja, kitana,
donge zito la chungwa ambalo lilikuwa jibini.

Uzi mmoja aliuacha kwenye trei, sijui kwa kusahau.
Niliula saa mbili, zamu ilipoisha,
nimesimama karibu na mashine ya kahawa,
jozi moja baada ya nyingine,
hadi meno yakagusa pamba.